Damu iliyo kwenye friji inakula nini?

Hotuba kwa wachangia damu na wanafunzi wa maabara na uuguzi, Siku ya Wachangia Damu Duniani, 14 Juni

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wangu wa kazi, wazee wetu mlioketi mbele, wachangia damu, na nyinyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma chini ya mwembe: itifaki imezingatiwa. Wakubwa, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo?

MC amenipa dakika ishirini na kuninong'oneza nisiwachoshe watu na kemia, maana foleni ya kuchangia bado ndefu na jua linapanda. Nimemkubalia shingo upande. Kemia ndiyo niliyokuja nayo, jamani, sina mzigo mwingine.

Nianze na mzee mmoja. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mgeni kazini, nilikuwa zamu ya usiku kwenye dirisha la benki ya damu ya hospitali fulani ya wilaya. Akaja mzee, kanzu imemganda kwa jasho, mkononi ana karatasi ya daktari. Mjukuu wake wa miaka mitatu ana malaria kali, himoglobini 4, yaani damu imepungua vibaya. Nikaoanisha damu, nikatoa chupa ya kundi O, nikamwita muuguzi aje kuichukua. Mzee akaomba aione. Akaigeuza, akasoma kibandiko, akahesabu kwa vidole.

"Binti, hii damu ilitolewa siku ishirini na saba zilizopita."

"Ndiyo, baba. Muda wake bado. Mwisho ni siku thelathini na tano."

"Mimi ni muuza nyama. Nyama ya siku ishirini na saba kwenye friji, wewe ungeila?"

Nilikosa jibu. Nikamwambia yale tunayofundishwa kusema: imepimwa, ni salama, mwongozo unaruhusu. Alinitazama kama mtu anavyomtazama fundi cherehani anayesema nguo itakuwa tayari kesho. Mtoto aliwekewa damu ileile, kwa sababu nyingine haikuwepo. Lakini swali lile nimetembea nalo mpaka leo, na hotuba hii, mkinivumilia, ndiyo jibu langu kwake.

Nyama imekufa. Damu iliyo kwenye chupa iko hai, na kilicho hai kinakula.

Jambo hili sikulijua kwa kusoma, nililijua kwa kosa. Wanafunzi, mnaijua ile chupa ndogo ya kifuniko cha kijivu tunayochukulia damu ya kupima sukari? Siku moja zilikuwa zimetuishia. Nikachukua damu ya mama mmoja kwenye chupa ya kawaida, nikaiacha kwenye meza ya dirishani, nikaenda kushughulika na foleni. Nimerudi baada ya saa nne. Sukari ikasoma chini kiasi cha daktari kuja mwenyewe maabara kuuliza. Tukarudia kwa damu mpya, ikawa ya kawaida kabisa. Mgonjwa hakuwa na tatizo lolote. Ni chembe zake zilizokaa mezani kwangu zikila sukari iliyokuwa mle ndani. Damu isiyotenganishwa, katika joto la chumba, hupoteza kama asilimia 5 hadi 7 ya sukari yake kila saa. Chupa ya kijivu ina floridi, inayofunga kimeng'enya kimoja (protini inayoendesha kazi za kemia ndani ya chembe) kwenye njia ya kuvunja glukosi, ndiyo sukari yenyewe, kwa hiyo chembe zinabaki na chakula mezani lakini mdomo umefungwa. Tangu siku ile, nikiona damu kwenye chupa sioni tena kimiminika. Naona walaji.

Sasa mlaji mwenyewe ni nani?

Chembe nyekundu inakulia kwenye uboho wa mifupa, na mwanzoni inavyo vyote: kiini, karakana za protini, mitokondria za kuchomea chakula kwa oksijeni. Halafu inaanza kuvua. Kwanza inatupa kiini. Siku chache baada ya hapo, ikiwa imekwisha kuingia barabarani, yaani kwenye mishipa, inatupa na mitokondria na karakana zilizobaki. Kinachosalia ni mfuko wa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, upana wake mikromita 7 hadi 8, umebonyea katikati kama kitumbua kilichofinywa kwa kidole gumba juu na cha shahada chini. Ndani ya kitumbua kimoja mna molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270.

Kwa nini ijivue hivyo? Kwanza ni nafasi, na wepesi wa kujikunja. Mishipa midogo kabisa ni myembamba kuliko chembe yenyewe, inabidi ipite imejipinda kama mtu anayepenya dirishani. Sababu ya pili ndiyo ninayoipenda. Mitokondria hula oksijeni. Chembe yenye mitokondria ingekuwa kama mchukuzi wa bandarini anayeonja tende kwenye gunia alilolibeba: magunia yote yanafika, lakini mepesi. Chembe nyekundu haionji. Imezungukwa na oksijeni maisha yake yote kama mvuvi alivyozungukwa na maji asiyoweza kuyanywa.

Ila imelipa. Bila kiini haiwezi kutengeneza protini mpya hata moja. Vimeng'enya ilivyoondoka navyo nyumbani ndivyo itakavyotumia mpaka mwisho, siku 120 hivi, na kikichakaa kimoja hakuna fundi wa kukirudisha. Mzunguko mmoja wa mwili ni kama dakika moja. Pigeni hesabu wenyewe: ni safari zaidi ya laki moja na nusu, bila gereji.

Chakula chake ni kimoja tu, glukosi. Mlango wa kuiingiza hausubiri amri ya insulini. Sukari ikipanda kwenye damu, inapanda na ndani ya chembe. (Ndiyo maana mwenye kisukari akija kliniki tunaweza kujua alivyokula miezi miwili mitatu nyuma hata kama jana na juzi alifunga makusudi ili atudanganye. Sukari hujinata polepole kwenye himoglobini, na himoglobini inakaa na chembe yake mpaka kufa. Wale ambao chembe zao hufa mapema, kama wenye selimundu, kipimo hiki huwapunja, na hilo madaktari wetu wengine husahau.)

Ndani ya chembe glukosi inavunjwa kwa hatua kumi, na ya kumi na moja inageuza masalio kuwa asidi ya laktiki, inayopelekwa ini likaitengeneze upya iwe glukosi. Mahesabu yake ni ya mama ntilie. Kwanza unaweka mtaji, ATP 2; ATP ndiyo sarafu ya nguvu ya chembe. Mwisho wa siku zinatoka 4. Faida, 2. Seli ya msuli ikiichoma glukosi hiyohiyo kwa oksijeni inapata ATP 30 na ushee. Chembe nyekundu inaishi kwa 2, na kwa hizo 2 inafanya kazi ambayo haina likizo: kusukuma sodiamu nje na kurudisha potasiamu ndani. Kwa kila ATP moja, sodiamu 3 nje, potasiamu 2 ndani. Ngozi yake inavuja siku zote, na pampu hii ni kama baharia anayechota maji na kuyamwaga nje ya mtumbwi uliotoboka. Akisinzia, mtumbwi unazama, yaani chembe inavimba na kupasuka.

Kazi ya pili ni kupigana na kutu. Himoglobini hushika oksijeni kwa chuma, na chuma kikikaa na oksijeni mnajua kinavyokuwa. Waliojenga Tanga au Bagamoyo waulizwe kuhusu nondo zao. Kila siku asilimia 1 hadi 3 ya himoglobini yetu chuma chake kinageuka, kinakuwa cha aina isiyoweza kubeba oksijeni, na damu yenye kingi cha aina hiyo ina rangi ya kahawa. Kwa hiyo njia ileile ya kuvunja glukosi inatoa, pembeni ya ATP, chaji za elektroni zinazokirudisha chuma katika hali yake. Mtu anadhani damu ni nyekundu kwa asili yake. Damu ni nyekundu kwa sababu kuna mtu anaipiga brashi usiku na mchana.

Na kuna njia ya pembeni, ambayo glukosi kidogo tu hupitia, tuseme asilimia 5 hadi 10. Getini pake amesimama kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Njia hii haitoi ATP hata moja. Inatoa NADPH, inayochaji glutathioni, na glutathioni ndiyo inayozima sumu za oksijeni kabla hazijaunguza ukuta wa chembe. Mtu aliyezaliwa na G6PD dhaifu anaweza kuishi miaka bila kujua. Chembe zake zinapata zinachohitaji, ila hazina akiba. Siku akimeza dawa fulani, au akila maharage fulani ya Kiarabu, yale ya ful, akiba inatakiwa na haipo: chembe zinapasuka, macho yanakuwa ya manjano, mkojo unatoka rangi ya Coca-Cola.

Siri hii ilifunguka mwaka 1956, kwa kikundi cha watafiti wa Chicago waliokuwa wakijaribu dawa ya malaria, primakwini, kwa wafungwa wa gereza la Stateville huko Illinois. Baadhi ya wafungwa weusi chembe zao zilipasuka, na ikagundulika wana upungufu wa kimeng'enya hicho. Nawaambia wanafunzi wangu siku zote: maarifa tuyatumie, lakini mjue yalitoka gerezani, kwa watu ambao uhuru wao wa kusema "hapana" ulikuwa mdogo. Leo kamati yoyote ya maadili ingelirudisha andiko lile ukurasa wa kwanza.

Tusidhani ni habari za mbali. Mwaka 2003 Afrika iliingiziwa dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, ndani yake mna dapsoni. Bei nafuu, matumaini makubwa. Mwaka 2008 iliondolewa, kwa sababu iliwapasua chembe wagonjwa wenye upungufu wa G6PD, na kwenye ukanda wetu wa malaria watu hao si wachache. Kwa kuwa kasoro hii husafiri kwenye kromosomu ya X, wavulana ndio wanaoumia zaidi.

Akina mama, hapa niwaombe kitu kimoja. Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali mnavyoweka kabatini kufukuza nondo wa nguo na mende, naftalini, msiviweke kwenye nguo za mtoto mchanga. Mtoto mwenye G6PD dhaifu akivishwa nguo iliyokaa navyo, mvuke wake unatosha kumpasua chembe na kumtia manjano. Kwenye wodi ya watoto wachanga swali la "nguo zake zilihifadhiwa na nini?" huokoa muda mwingi wa maabara. Bibi anakuwa ametunza nguo za mjukuu wa kwanza miaka minne kwa mapenzi yake yote, zinanukia naftalini mpaka mlangoni.

MC ananitazama. Nakuja kwenye chupa.

Lakini kabla ya chupa kuna kitu kimoja, na huyu ndiye mhusika wangu. Katikati ya zile hatua kumi kuna njia panda. Ukienda moja kwa moja unalipwa ATP. Ukichepuka, hulipwa, unatengeneza difosfogliserati, tuiite DPG, halafu unarudi barabara kuu mfuko mtupu. Chembe isiyo na utajiri wowote inachepuka hivyo makusudi, kila saa, na inajaza DPG tele, karibu sawa kwa idadi na himoglobini yenyewe. Ya nini hasara hii?

Njia hiyo ya kuchepuka inaitwa kwa jina la Rapoport na Luebering, walioieleza mwaka 1950 huko Cincinnati, Marekani. Samuel Mitja Rapoport alikuwa daktari Myahudi aliyekulia Vienna. Aliondoka kabla Wanazi hawajaingia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi ya kuhifadhi damu ya jeshi la Marekani ikae muda mrefu zaidi, akapewa cheti cha heshima na Rais Truman. Miaka michache baadaye Marekani hiyohiyo ikawa inawasaka wakomunisti, naye alikuwa mmoja wao. Akaondoka, akaishia Berlin Mashariki. Mkewe, Ingeborg, daktari wa watoto, alizaliwa Kribi, Kamerun, mwaka 1912. Mwaka 1938 chuo kikuu cha Hamburg kilimnyima mtihani wa mwisho wa shahada ya udaktari kwa kuwa mama yake alikuwa na asili ya Kiyahudi. Alikuja kuufanya mwaka 2015, akafaulu, ana miaka 102. Wanafunzi mnaolia kwamba mtihani umeahirishwa wiki mbili, mmesikia?

Basi DPG ilijulikana, njia yake ikajulikana, kazi yake hakuna aliyeijua. Mwaka 1954 Valtis na Kennedy, Glasgow, waliona jambo la ajabu: damu iliyokaa kwenye hifadhi inashika oksijeni vizuri, ila inaing'ang'ania. Inafika kwenye msuli, haishushi mzigo. Kwa miaka 13 jambo hilo likabaki kitendawili. Mwaka 1967 Reinhold na Ruth Benesch, mtu na mkewe, wa New York, wakaonyesha kwamba DPG ndiyo inayoifanya himoglobini iachie, na mwaka huohuo Chanutin na Curnish wa Virginia wakafika palepale kwa njia yao. Himoglobini ikiachia oksijeni, katikati yake panafunguka uwazi. DPG inaingia hapo na kukaa kama kabari chini ya mlango, mlango usijifunge tena haraka. Kabari hiyo ndiyo inayompa msuli nafasi ya kuchukua chake.

Mkilielewa hili, mengi yanajieleza. Mtu akitoka Dar es Salaam kwenda kupanda Kilimanjaro, ndani ya siku moja mbili chembe zake zinaongeza DPG, ili oksijeni chache iliyopo iachiwe bila ubishi. Na mtoto tumboni himoglobini yake haishiki kabari hiyo vizuri, kwa hiyo yeye huing'ang'ania oksijeni kuliko mama. Mama anaachia, mtoto anapokea, kwenye kondo la nyuma, bila mtu kuombwa.

Sasa chupa. Ile mnayoiona pale kwenye hema, kabla hujalala kitandani, tayari ina maji kidogo ndani yake, mililita 63. Wengi hudhani ni maji ya kuzuia damu isigande tu. Kuzuia kuganda ni kazi ya sitrati, inayoikamata kalsiamu. Lakini humo mna fosfati, mna adenini, na mna sukari. Kiasi gani? Gramu 2. Nusu ya kijiko cha chai. Hiyo ndiyo posho ya chembe trilioni 2 ulizozitoa.

Katika joto la mwili posho ile ingekwisha kwa siku moja au mbili. Tunaiweka kwenye nyuzi 2 hadi 6, chembe zinapoa, zinakula taratibu mno, na nusu kijiko kinafika siku ya 35. Mnapotuona tunagombana na fundi wa jenereta umeme ukikatika, ndiyo sababu. Friji likipanda joto, chembe zinaamka na njaa.

Sukari kwenye chupa ni wazo la zamani. Rous na Turner wa New York, mwaka 1916, walichanganya sitrati na glukosi, wakahifadhi damu ya sungura wiki kadhaa. Mwaka 1917 daktari wa jeshi la Marekani, Oswald Robertson, aliichukua kanuni hiyo akaipeleka kwenye mahandaki ya Ufaransa, damu kwenye chupa za kioo, chupa kwenye sanduku la barafu. Pale ndipo benki za damu zilipozaliwa. Adenini imekuja baadaye sana. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa siku 21, hata sukari ikiwepo, kwa sababu ATP yenyewe ina mwili wa adenini, na mwili huo hupotea kidogo kidogo. Chembe haiwezi kujitengenezea mwingine, karakana ilikwisha kuitupa. Tukaanza kuipa adenini kutoka nje, siku zikaongezeka kutoka 21 hadi 35. Damu iliyotenganishwa ikawekwa kwenye maji maalumu ya chumvi, adenini, glukosi na manitoli hufika 42.

Sasa mzee wangu wa nyama, ningekuwa nawe hapa ningekuonyesha kinachotokea siku baada ya siku, bila kukuficha. Chembe zinakula, asidi ya laktiki inajikusanya, maana chupa haina ini. Asidi ikizidi, kimeng'enya cha kutengeneza DPG kinalegea, na iliyopo inavunjwa. Ikifika wiki mbili hivi, kabari karibu zote zimekwisha. Pampu imesinzia kwa baridi, potasiamu inavuja nje, kutoka kama 4 inapita 20 kwenye maji ya damu. ATP inashuka, na chembe zilizokuwa vitumbua laini zinaota miiba kama shokishoki. Nimeziona kwa darubini mara nyingi, na kila mara naona kama nimemkuta mtu mzima amenuna. Baadhi zinapasuka.

Kwa hiyo hukukosea, damu inachakaa. Umekosea mahali pamoja: nyama haiamki. Chembe ya siku 27 ikiingia kwenye mwili wenye joto, wenye sukari, wenye ini la kubeba asidi, pampu inawaka tena ndani ya saa chache. DPG inaanza kurudi; kwa siku moja sehemu kubwa imerudi, siku mbili tatu imekamilika. Nyingi zenye miiba zinalainika zikarudi vitumbua. Zile zisizoweza, bandama na ini vinaziondoa. Siku 35 zilivyowekwa si kwa kubahatisha wala kwa imani: kipimo kinachotumika ni kwamba saa 24 baada ya kuongezewa, angalau chembe 75 kati ya kila 100 ziwe bado zinazunguka.

Bado kuna swali halali. Mtoto mahututi, je, anazo hizo saa 24 za kusubiri kabari zirudi? Jibu la swali hilo limetoka jirani. Hospitali ya Mulago, Kampala, waliwachukua watoto 290 wenye upungufu mkali wa damu, himoglobini 5 au chini, na asidi ya laktiki imepanda kwa kukosa oksijeni. Nusu wakapewa damu ya siku 1 hadi 10, nusu damu ya siku 25 hadi 35. Baada ya saa 8 wakapima asidi hiyo imeshuka kwa wangapi. Waliopewa damu mpya, asilimia 58. Waliopewa damu ya zamani, asilimia 61. Hakuna tofauti ya maana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, miaka mingi baada ya wewe kuniuliza, na nilipoyasoma nilikukumbuka wewe kwanza.

Zipo hali ambazo tunatafuta damu changa, sitawaficha. Mtoto mchanga anayebadilishiwa damu yote mwilini tunamtafutia ya siku chache, kwa ajili ya ile potasiamu. Wengine, utaratibu ni wa duka: iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutoka. Ningempa kila mtu ya jana, zile za siku 27 zingefika 36 na ningezimwaga. Nimewahi kuzimwaga, usiku friji lilipoharibika. Kila chupa ina namba ya mtu. Sitaki kuzungumzia zaidi.

Na zinahitajika. Nchi hii, Tanzania, inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi kila mwaka wanaozaliwa na selimundu. Kemia ya selimundu inataka siku yake, leo siigusi, ila wengi wao watapita dirishani kwangu kabla hawajafika shule ya msingi.

Mliokuja mara ya kwanza: miaka 18 hadi 65, kilo 50 na kuendelea. Utachomwa kidole, tone lako litadondoshewa kwenye maji ya buluu. Likizama upesi, himoglobini yako inatosha. Likielea au likisuasua, tutakuomba urudi siku nyingine, na usione haya, mimi mwenyewe limewahi kunielea mbele ya wanafunzi wangu. Wanaume mnaruhusiwa kila baada ya miezi 3, wanawake 4. Maji yanarudi siku mbili tatu, chembe wiki kadhaa, chuma ndicho kinachochelewa: chupa moja inaondoka na zaidi ya miligramu 200, na chakula kinakurudishia 1 hadi 2 kwa siku. Kwa hiyo mchicha, maharage, dagaa, nyama kwa mwenye uwezo. Chai msinywe palepale na chakula, inazuia chuma. Subirini kidogo.

Na yule mjukuu wa mzee tuliyemwekea damu? Asubuhi ile nikikabidhi zamu, nilipita wodini. Alikuwa amekaa kitandani na kikombe cha plastiki cha uji, mdomo wote mweupe kwa uji. Babu yake amelala kwenye benchi, viatu kavifanya mto. Sikumwamsha.

Hema liko kulia, nyuma ya gari la matangazo. Ambaye hajala chochote tangu asubuhi aanzie kwa yule mama mwenye chapati, asije akaniangukia. Nami nimemaliza, MC, saa yako hii hapa.